Mlitutoa Nje Mkatufundisha Kupumua

Ndugu zangu wa familia ishirini na tatu, mliokaa kule mwisho kwenye viti vya plastiki, nyuma ya kamera na nyuma ya nguzo, nawasalimu nyinyi kwanza. Karatasi niliyopewa asubuhi inasema nianze na Mheshimiwa Waziri, nifuate na Mheshimiwa Jaji Mwenyekiti wa Tume, kisha makamishna, mabalozi, wafadhili, wakuu wa idara, viongozi wa dini na wanahabari, halafu mwisho kabisa imeandikwa, "bila kuwasahau wahanga wetu wapendwa". Nimeisoma mara mbili. Mimi nasoma polepole, lakini nikisoma nimesoma. Basi leo karatasi hiyo tutaishika kwa mkia.

Wahanga, hamjambo? Mmekunywa maji? Hamjanywa, nawaona. Chupa zote ziko huku mbele.

Mheshimiwa Waziri, bila kukusahau wewe. Shikamoo yako uliniamkia pale mlangoni, nami nikaitikia marahaba, kwa hiyo sisi wawili tumeshamalizana. Hiyo simu iweke mfukoni, mwanangu, nakuona. Mheshimiwa Jaji Mwenyekiti, ambaye leo tunakuaga. Waheshimiwa makamishna. Wageni waalikwa mliotoka mbali, na nyinyi mliotoka mtaa wa pili mkachelewa kuliko waliotoka mbali. Nawasalimu wote.

Kwa wasionijua, mimi ni bibi wa cherehani, nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya shule ya msingi. Shule nilikaa miezi minne, kisha nikatolewa nikambebe mdogo wangu mgongoni. Nimeitwa hapa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wahanga, na bwana wa mawasiliano wa Tume, Mungu amzidishie adabu, akaniandikia neno lenyewe ili nisijichoshe. Linaanza hivi: "Kwa moyo mkunjufu, natoa shukrani zisizo na kifani." Mimi ni fundi, jamani. Nimepima mabega ya watu kwa miaka arobaini na nane. Kila kitu kina kipimo chake, hata shukrani. Kwa hiyo karatasi yake nimeikunja, na hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe kwa siku tisa, mjukuu wangu akaninyooshea herufi. Nanyi mtanivumilia. Sisi tumewavumilia miaka minne.

Nianze na sifa, maana zipo, na mimi si mnyimi.

Mheshimiwa Jaji, una adabu. Kila mama alipoingia kutoa ushahidi wake, ulisimama. Kila mama! Hata yule mkunga wetu aliyeingia na kikapu cha nyanya, akasahau kukiweka chini, akatoa ushahidi mzima amekipakata, ulisimama alipoingia na ulisimama alipotoka. Na siku yangu mimi, nilipofika pale pagumu, niliona machozi yako. Hukuyaficha. Ulivua miwani ukayafuta mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu, "Yule mzee ana moyo." Sijabadilisha neno hilo mpaka leo. Lakini nikuulize, Mheshimiwa, nilikuja kwako kutafuta machozi? Machozi nilikuwa nayo ya kutosha, ningeweza kukugawia. Nilikuja kutafuta jibu.

Binti yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mchana aliwafundisha watoto wa watu, jioni akanifundisha mimi, kwenye meza ileile ya cherehani, na alikuwa mkali kama ninavyowakaripia nyinyi sasa. "Mama, kalamu si sindano. Usiichome, iburute." Nikimwambia macho yangu yamechoka ananijibu, "Mbona kutunga uzi hayachoki?" Mdomo ule aliurithi kwangu, siwezi kulalamika.

Miaka kumi na tisa iliyopita, saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumzikoni, lori la kubebea mchanga liliingia kwenye uwanja wa shule. Lilikuwa limeshapita mitaani, na nyuma yake limeshajaa watu. Kaka yake fundi viatu huyu hapa mnayemwona alikuwa humo. Mume wa mkunga alikuwa humo, na sabuni ya kunyolea bado iko shavuni. Wakamchukua binti yangu darasani. Alipata nafasi ya kumwambia mwanafunzi mmoja maneno machache tu, naye akanikimbilia mpaka mlangoni kwangu kunipa: "Mwambie mama maziwa ya mtoto yako kwenye chupa ya kijani." Basi. Lori likaondoka. Watu ishirini na watatu. Nimeishi na chupa ya kijani miaka kumi na tisa.

Huyo mtoto wa maziwa ndiye huyu mjukuu wangu. Simama, mjukuu, wakuone. Ana mdomo wa mama yake, mtaujua baadaye. Keti.

Mlipoleta Tume, tulifurahi. Nasema kweli, tulifurahi kama watu wanaotangaziwa harusi. Mkaja mtaani na gari lenye kipaza sauti: njooni mseme, Tume hii ni yenu, wahanga ndio wenye Tume. Tukaja. Tukapewa fomu ya kurasa tisa. Ukurasa wa tisa uliuliza: unataka nini? Pana visanduku vinne vya kuweka alama. Ushauri nasaha. Mnara wa kumbukumbu. Kuombwa radhi. Na cha mwisho, mengineyo, chenye mstari mmoja mfupi kama kidole changu. Nikaandika kwenye mstari huo kwa mkono wangu: nataka kujua mwanangu amelala wapi. Karani akaniambia, "Bibi, umetoka nje ya mstari." Nikamwambia, "Mstari ndio uliokuwa mdogo, baba."

Leo nafungua ripoti, ambayo ni nzito kuliko kichwa cha cherehani yangu, naambiwa wahanga wengi waliomba mnara. Nani aliomba mnara? Fundi viatu, wewe uliomba mnara?

Mmemsikia. Mkunga, wewe?

Mmemsikia na yeye, ingawa angeweza kulisema hilo kwa adabu zaidi.

Sasa niwaeleze habari ya pazia. Tume ilipoanza vikao, ilihitaji pazia la mashahidi wasiotaka kuonekana sura. Wakatafuta fundi. Wakaambiwa, yupo bibi nyuma ya shule, mkono wake hauna makosa. Nikalishona. Nilikata kitambaa kizito cheusi, nikatia kitambaa cha ndani ili mwanga usipite hata kidogo, nikaweka pindo pana ili upepo wa feni usiliinue. Nikajisifu. Nikasema hapa hata anayepepesa macho hataonekana. Tulikubali mashahidi wajifiche sura. Sisi shida yetu ilikuwa kusikia, nyuso zao za kazi gani? Na pazia, jamani, halizuii sauti.

Lakini siku aliyokuja dereva wa lile lori, pazia halikutosha.

Asubuhi hiyo tulifika mapema tukakaa. Akaja dada wa ushauri nasaha, yule pale mwenye kilemba cha njano, usijifiche, dada, wewe ulitumwa tu. Akatuambia kwa sauti ya upole kwamba kikao cha leo ni kigumu, maneno yatakayosemwa yanaweza kutuumiza upya, na Tume inajali afya zetu. Tukatolewa nje. Sisi, wenye Tume! Tukapelekwa kwenye hema jeupe nyuma ya ukumbi, tukapewa chai na mkate wa siagi, halafu tukafundishwa kupumua.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nimewahi kucheka. Watu wazima tumekaa duara. "Vuteni pumzi mpaka nne. Zuieni mpaka nne. Achieni mpaka sita." Mkunga akanyoosha mkono akasema, "Dada, mimi nimewafundisha wanawake kupumua tangu mama yako hajazaliwa. Nifundishe kitu kingine." Fundi viatu akauliza kama akizuia mpaka saba atapata zawadi. Tulicheka, tukavuta, tukaachia. Na hatua thelathini kutoka pale tulipokuwa tunahesabu mpaka nne, ndani ya ukumbi, nyuma ya pazia nililolishona kwa mikono yangu, mtu alikuwa anaeleza watu wetu walipo.

Sikujua. Tuliambiwa baadaye kwamba shahidi ametoa "maelezo yenye manufaa". Tukashukuru. Tukabeba mikate iliyobaki tukarudi majumbani.

Sasa ripoti ina sura nzima, sura ya saba, inaitwa Ushiriki wa Wahanga. Kurasa thelathini na moja. Mjukuu wangu alinisomea yote jioni mbili mfululizo, nami nikimsikiliza huku napiga pasi. Akafika mahali akanyamaza. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Bibi, hapa pana picha." Nikavaa miwani. Ni mimi. Niko kwenye hema, nimeshika kikombe, nimefumba macho, nimevuta pumzi mashavu yamejaa kama chura. Chini imeandikwa: mmoja wa wahanga akishiriki katika shughuli za Tume. Na tarehe. Mjukuu wangu akafunua kurasa za nyuma kabisa, kwenye orodha ya vikao vya faragha, akaitafuta tarehe hiyo, akaniwekea kidole.

Kumbe huko ndiko kushiriki. Wao wanasikia, mimi napumua.

Bwana mshereheshaji, usinionyeshe saa. Saa naijua. Na hata nisingeijua, miaka minne iliyopita mngenionyesha vizuri zaidi.

Mtauliza, wewe bibi umejuaje dereva alisema nini, nawe ulikuwa nje? Nitawaeleza, na hapa nitaeleza na kosa langu, maana sikuja kuwasuta nyinyi peke yenu.

Mwaka jana nilikwenda zahanati kupima presha. Tuko kwenye benchi, foleni ndefu, nesi mmoja. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa mbele yangu kwa watu watatu akawaachia wenzake nafasi, akarudi nyuma mpaka akakaa ubavuni kwangu. Akanitazama viatu. Akasema, "Samahani, mama. Wewe si ndiye mama wa mwalimu? Nilikuona kwenye televisheni ulipotoa ushahidi." Nikasema ndiye. Mtu mmoja akaingia kwa nesi, akatoka. Halafu yule mzee akaniuliza, "Mlishawazika?"

Nikamwuliza, "Kina nani?"

Akasema, "Wale watu. Mimi ndiye niliyeendesha lile lori."

Ndugu zangu, mimi nimechomwa sindano ya cherehani ikatokea upande wa pili wa ukucha. Haikuuma hivyo.

Akaendelea, sauti yake kama ya mtu anayeungama. "Niliwaeleza Tume kila kitu. Nilichora ramani kwa mkono wangu. Nilichora barabara, nikachora daraja, nikaandika na idadi ya hatua. Nikajua mtakuwa mmekwenda, mmewachukua, mmewazika, na mmeninyamazia kwa hasira. Nikaona ni haki yenu. Nikikutana na mmoja wenu njiani nainamisha kichwa."

Mnasikia? Miaka miwili mtu huyu anatukwepa njiani akidhani tunajua. Na sisi tunapishana naye tunamwitikia salamu, tukidhani ni mzee tu mwenye aibu. Alishatua mzigo wake mezani kwenu, Mheshimiwa Jaji, akauacha hapo ili utufikie, nanyi mkauwekea kifuniko.

Nikamgombeza. Nilimgombeza yule mzee mbele ya foleni nzima, mpaka nesi akatoa kichwa mlangoni akasema, "Bibi, hiyo presha itapanda kabla sijaipima." Nikamwambia, "Acha ipande!" Nilipomaliza, yule mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema polepole, "Nikwambie, mama? Nilitia sahihi kwamba sitasema nje ya Tume, nikisema nafungwa. Lakini wewe nitakwambia."

Na mimi, mbele yenu nakiri, nikakataa. Nikasema, "Hapa? Kwenye benchi, kati ya watu wanaosubiri vidonge? Mwanangu si bei ya vitunguu, anong'onwe pembeni. Na wenzangu ishirini na wawili wasikie wapi? Utaomba ruhusa Tume, utakuja Jumamosi kwenye kikao chetu cha familia, utasimama, utasema mbele ya wote." Akasema, "Sawa, mama. Ndivyo inavyotakiwa." Akaenda akaandika barua.

Tume ikamjibu. Barua yenyewe ninayo, hii hapa, muhuri wa Tume huu. "Ombi lako limepokelewa na litawekwa mbele ya kikao kijacho." Jumamosi ikapita. Ya pili ikapita. Alhamisi kabla ya Jumamosi ya tatu, yule mzee akafariki.

Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Alikuwa na neno mdomoni, nikamwambia alimeze mpaka apate ruhusa. Kiburi changu kilitaka haki itoke mlango wa mbele. Fundi viatu alipojua hakunisemesha wiki nzima, na hakukosea. Lakini mimi nilikosea nusu saa, kwa kuwaamini nyinyi. Nyinyi mmekosea miaka mitatu, na hamkuwa na wa kumwamini, maana jibu lilikuwa kwenye droo yenu.

Sasa tutazame hili sanduku la chuma hapa mezani, lililotiwa kufuli na kufungwa utepe mwekundu kama zawadi. Humo ndani, kwa mujibu wa ratiba, yamo maelezo yote ya vikao vya faragha. Ratiba inasema nikimaliza kushukuru, sanduku litatiwa sahihi, litapigwa muhuri, tutapiga picha, kisha litapelekwa hifadhi ya nyaraka, lisifunguliwe mpaka ipite miaka hamsini.

Miaka hamsini! Mimi nina sabini na mbili. Hesabu yangu si nzuri, lakini hii nimeiweza. Mkunga ana sabini na sita. Fundi viatu ndiye kijana wetu, ana hamsini na nane, naye anakohoa. Huyu mjukuu wangu atakuwa na miaka sitini na tisa siku anaambiwa mama yake yuko wapi. Atakwenda kuchimba na fimbo ya kutembelea?

Najua mtasema sheria. Mtasema siri hii ni kumlinda shahidi. Mheshimiwa Jaji, shahidi yuko kaburini, na kaburi lake analijua kila mtu, nilikwenda mwenyewe kumzika. Mtasema ni kuilinda familia yake. Mjane wake yule pale, mstari wa pili kutoka nyuma, amekaa katikati ya mkunga na fundi viatu. Hakualikwa, tumekuja naye sisi. Yeye ndiye aliyenipa barua hii, akaniambia, "Mume wangu alikufa akiuliza kama ruhusa imefika." Huyo ndiye mnayemlinda? Amewaomba hilo?

Basi mnamlinda nani? Lori haliendi lenyewe. Dereva hakuamka asubuhi akajitakia. Yupo aliyemwambia endesha, na yupo aliyemwambia huyo aseme endesha, na naamini hayo nayo mzee aliyasema nyuma ya pazia langu. Sisemi watu hao wamo humu ndani. Sisemi hawamo. Nasema tu kwamba pazia nililolishona lilikuwa la shahidi, na sasa naona limemficha mtu mwingine.

Lakini leo sitaki majina hayo. Tutayarudia, tuna mjukuu mwenye mdomo. Leo nataka karatasi moja. Ile aliyoichora kwa mkono wake, yenye barabara, daraja na hatua.

Na sasa nifike kwenye kile kitu ambacho wengi wenu hamkijui, ila bwana wa mawasiliano anakijua, ndiyo maana ameanza kutokwa jasho. Nilijiuliza, kwa nini mimi? Kwa nini watu waliotutoa nje siku ya kusikia watukaribishe mbele siku ya kufunga, na gari mkanitumia, na ua mkanibandika kifuani? Mjukuu wangu akaisoma kanuni ya Tume usiku na mchana mpaka akaipata. Sanduku hili halifungwi hiyo miaka hamsini ila kwa sahihi tatu. Ya Mwenyekiti. Ya Katibu. Na ya mwakilishi wa wahanga, ili dunia ijue kwamba wahanga walishiriki. Mbili zimeshawekwa, nimeziona, wino umekauka. Ya tatu ni yangu.

Na wameniwekea hapa kidau cha wino wa kugandamiza dole gumba.

Dole gumba! Baada ya ukurasa wa tisa niliouandika kwa mkono wangu mpaka nikatoka nje ya mstari, hakuna hata mmoja kati yenu aliyeona kwamba bibi huyu anaandika. Mngekuwa mmesoma fomu zetu mngejua. Kidau hiki ndicho ushahidi wangu wa mwisho mbele ya Tume hii, na naomba kiingizwe kwenye ripoti: hawakusoma.

Mimi jina langu naliandika lote, herufi kwa herufi, naiburuta kalamu, siichomi. Mwalimu wangu alinifundisha. Nitaiandika sahihi hiyo leo hii, kwa furaha, mbele ya kamera zenu zote. Ila kwanza utepe ule na kufuli vifunguliwe, karatasi ile moja itolewe, isomwe kwa sauti humu ukumbini, na familia zetu zikiwa zimekaa ndani. Hatutoki. Hatutaki chai. Kupumua tunakujua.

Mheshimiwa Jaji, wewe leo unastaafu. Umesifiwa tangu saa tatu, na saa ya zawadi umeshavalishwa. Nami niongeze sifa yangu, nayo ni hii: nakuamini kuliko ulivyotutendea. Mtu aliyesimama kila mama alipoingia, anajua kusimama. Ufunguo uko kwenye mfuko wako wa kushoto, nimekuona ukiugusa mara nne tangu nianze kusema. Hakuna anayekusaidia kuutoa, na hakuna anayeweza kukuzuia.

Ndani ya mfuko huu nilioingia nao, ambao askari wa mlangoni aliupekua akaniuliza kama nahama, mna shuka. Nililishona mwaka ule ule binti yangu alipochukuliwa. Jeupe, pindo mara mbili, mshono ambao hauonekani upande wowote. Kila mwaka nalifua lisiwe la njano, nalianika, nalikunja, nalirudisha kabatini. Mara kumi na tisa. Nimechoka kulirudisha kabatini.

Nitakaa kwenye hiki kiti hapa mbele, kando ya sanduku, kwa sababu miguu yangu si ya kusimama siku nzima. Kalamu nimekuja nayo. Walinzi, msihangaike, mimi si mzito wa kubebwa, lakini nina kelele.

Kwa masikio yenu, nawashukuru nyote. Sasa, Mheshimiwa, ni zamu yetu kusikia.